Kaole na Bagamoyo: Ziara ya Siku Moja kwa Wakazi wa Chang'ombe

Magofu ya Kaole yako katika kijiji cha Kaole, kilomita tano hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo, na Bagamoyo yenyewe iko takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Kwa mkazi wa Chang'ombe, au wa mtaa wowote wa Temeke, hiyo ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo bila kulipia chumba. Katika eneo hilo dogo kuna misikiti na makaburi ya mawe yaliyoanza kujengwa karne ya 13, ngome ya karne ya 19, majengo ya serikali ya Wajerumani, misheni ya mapadri wa shirika la Ufaransa, misitu ya mikoko, ufuko mrefu na soko la samaki. Pamoja na utajiri wote huo, watu wengi wanaotoka Dar kwenda kutembea Bagamoyo hurudi na picha chache za Ngome Kongwe na mchanga kwenye viatu. Huanzia mjini saa tano, jua huwakuta huko huko, na Kaole huahirishwa hadi safari nyingine ambayo aghalabu haifiki.

Njia iliyo bora ni kuanzia Kaole na kupanda kaskazini taratibu. Kaole ni ya kale kuliko mji wa Bagamoyo, na mji huo ulikua pale Kaole ilipofifia. Msafiri anayeanzia kwenye magofu, akapitia Ngome Kongwe, akaingia mtaa wa zamani wenye Boma na jengo la forodha, kisha akamalizia Misheni, anaiona historia ikijipanga yenyewe mbele yake: kwanza mji wa Waswahili uliofanya biashara na Bahari ya Hindi yote, halafu misafara ya pembe na watumwa chini ya masultani wa Zanzibar, halafu Wajerumani. Misheni huvuruga kidogo hesabu hiyo, kwa kuwa ilianzishwa 1868, kabla ya majengo ya Kijerumani. Lakini iko upande wa kaskazini wa mji na ina miti mikubwa, na mtu aliyechomwa na jua tangu asubuhi hatalalamika kukuta kivuli mwisho wa ziara.

Majira ya kwenda yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kati ya Machi na Mei, wakati wa masika, njia za vumbi za Kaole hugeuka tope, nyasi hufunika makaburi madogo, na mbu wa mikokoni huwa wengi. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi unavuma, hewa ni kavu na jua linavumilika. Hiyo ndiyo miezi ya kuchagua. Vuli ya Oktoba hadi Desemba huja na mvua za hapa na pale ambazo hazizuii safari, ila joto huanza kupanda. Januari na Februari kuna joto kali, na anayekwenda wakati huo hana budi kuwa amemaliza Kaole kabla ya saa nne asubuhi, maana eneo la magofu sehemu kubwa liko wazi.

Jambo la pili ni maji ya bahari. Pwani hii tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa siku za bamvua huzidi mita tatu, na ufuko wa Bagamoyo ni wa mteremko mdogo sana, kwa hiyo bahari hurudi nyuma mbali mno. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu anaijua tayari: siku za mwanzo wa mwezi, na siku za katikati kuanzia tarehe 14 hivi. Siku hizo, kwenye pwani ya Dar es Salaam na Bagamoyo, maji huwa yamepwa kabisa kuanzia saa nne asubuhi hadi karibu na adhuhuri, na hujaa alasiri kuelekea saa kumi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mambo huwa kinyume: asubuhi ya saa nne bahari imejaa, ingawa si kwa kishindo kile cha bamvua. Anayetaka kutembea pembeni mwa mikoko na kuona mizizi yake achague asubuhi ya bamvua. Anayetaka kupanda mashua au kuogelea asubuhi achague siku za maji mafu, la sivyo atakokota miguu kwenye tope kabla ya kulowa magotini.

Kutoka Chang'ombe, ugumu wa safari uko ndani ya jiji zaidi ya ulivyo nje yake. Mabasi madogo ya Bagamoyo huanzia kituo cha Makumbusho, Kinondoni. Njia ya kawaida ni kufika TAZARA, kupanda daladala zinazofuata Barabara ya Mandela kupitia Buguruni hadi Ubungo, kisha Sam Nujoma hadi Mwenge na Makumbusho. Mwenye gari hufuata njia hiyo hiyo na kuingia Barabara ya Bagamoyo pale Mwenge. Kuondoka saa kumi na mbili kasoro asubuhi siku ya Jumamosi humwezesha mtu kuwa Bagamoyo saa mbili na nusu au saa tatu. Kuondoka saa mbili humfikisha karibu na saa sita, kwa sababu foleni ya Ubungo na Mwenge huwa imekwisha kujipanga. Wanaosafiri kundi, kwa mfano wanachuo wa DUCE au kikundi cha kanisa au madrasa, hupata nafuu kukodi Coaster moja kwa siku nzima. Gharama kwa kichwa hukaribia ile ya daladala mbili na basi, na gari linakuwepo la kuwapeleka Kaole na kuwarudisha.

Asiye na gari atashuka stendi ya Bagamoyo na kuchukua bajaji au bodaboda hadi Kaole. Bei ikubaliwe kabla ya kupanda, tena ikubaliwe ya kwenda na kurudi, na namba ya simu ya dereva ichukuliwe, kwa kuwa Kaole hakuna kijiwe cha bodaboda mlangoni pa magofu cha kutegemewa na mtu akitoka. Wapo wanaopenda kurudi mjini kwa miguu wakifuata ufuko. Njia hiyo ni nzuri kwa macho, lakini ina sehemu zisizo na watu, na visa vya kuporwa vimewahi kuwapata wageni. Waende watu wanne au zaidi, simu zikiwa mfukoni, au wafuatane na mwenyeji.

Kiingilio cha magofu hulipwa serikalini, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Kitambulisho cha NIDA, cha mpiga kura au cha chuo kiwe mkononi, maana asiye nacho anaweza kutakiwa kulipa kama mgeni. Malipo ya serikali siku hizi hupitia kontroo namba kwenye simu, hivyo salio liwekwe kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani, na noti ndogo ndogo zibaki kwa ajili ya bajaji, madafu na bahashishi ya mwongozaji.

Mwongozaji achukuliwe. Huu ni ushauri ambao wasafiri wengi wa ndani huukwepa wakiona kwamba mawe ni mawe, na lugha ni yao. Ukweli ni kwamba Kaole haina vibao vya kutosha vya kumweleza mtu anachokitazama, na asiyeelekezwa humaliza eneo lote kwa dakika 20 akiwa ameona kuta fupi na nguzo. Akielekezwa, saa moja na nusu haitoshi.

Kuna mabaki ya misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20, yote ya mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa iliyochomwa papo hapo pwani. Msikiti mkongwe ni wa karne ya 13, na ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa inayojulikana Tanzania Bara. Mwanaakiolojia Neville Chittick alifukua eneo hili 1958, na mengi yanayosimuliwa leo kuhusu umri wa majengo yanatokana na kazi hiyo. Msikitini kitazamwe kwanza kibla: mihrabu bado inaonekana, na mtu anaweza kusimama mahali aliposimama imamu miaka 700 iliyopita akaelekea kule kule. Baadaye kitazamwe kisima na mahali pa kutawadhia. Ustadi wa maji katika miji hii ya kale ni jambo ambalo wageni wengi hulipita wakikimbilia makaburi.

Makaburi ya nguzo ndiyo yaliyoipa Kaole umaarufu. Ni mtindo unaopatikana pwani ya Waswahili, kutoka kusini mwa Somalia hadi Tanzania: kaburi la mawe lenye ukuta uliochongwa, na juu ya kichwa chake nguzo ndefu. Kwenye nguzo na kuta hizo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka China. Nyingi hazipo tena, nyingine zimehifadhiwa, nyingine zimeibwa zamani, na yaliyobaki ni matundu ya duara yaliyokuwa yamezishika. Matundu hayo yastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo yanayoeleza mji huu ulikuwa wa watu gani. Watu wa kijiji kidogo cha wavuvi hawangekuwa na bakuli za China za kupamba makaburi. Hawa walikuwa wakipokea vyombo kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa pepo za kaskazi na kuvisindikiza kwa kusi. Baadhi ya makaburi ni ya zama za baadaye sana kuliko misikiti, na mwongozaji mzuri ataonyesha tofauti hiyo.

Kaburi linaloitwa la Sharifa lina heshima yake ya pekee. Wapo watu wanaokuja hadi leo kuomba dua hapo na kuacha sadaka, na mtu akiwakuta anapaswa kukaa mbali na kushusha kamera. Makaburi kwa jumla hayakaliwi wala hayapandwi ili kupiga picha. Ushauri huu ungeonekana hauna haja ya kuandikwa, lakini chokaa iliyomomonyoka kwenye kingo za baadhi ya makaburi inatosha kuonyesha kwamba una haja.

Pembeni kuna mbuyu ambao wenyeji wanauhesabia miaka 500, na masimulizi yanayokwenda nao: anayeuzunguka ataongezewa miaka ya kuishi. Kuna pia kisima ambacho maji yake husemwa kuwa na baraka. Kuuzunguka mbuyu hakumgharimu mtu kitu. Mtu anaweza kunawa uso kwa maji ya kisima, ila kuyanywa ni jambo jingine, hasa kwa watoto. Maji ya kunywa yabebwe kutoka nyumbani, lita mbili kwa mtu mzima. Hadithi za mwongozaji kuhusu wachumba waliozama baharini na kuzikwa pamoja, na nyingine za namna hiyo, zisikilizwe kwa raha yake kama masimulizi. Hazina ushahidi wa maandishi, na hakuna ubaya kumwuliza mwongozaji ni lipi limetoka kwa wazee na ni lipi limetoka kwa wanaakiolojia. Waongozaji wazuri hulipenda swali hilo.

Kutoka kwenye magofu hadi baharini kuna mikoko, na mikoko ndiyo sehemu ya maelezo ya kifo cha mji. Bandari ya Kaole ilijaa mchanga na tope, mikoko ikaota, na vyombo vikashindwa kusogea karibu. Biashara ikahamia kaskazini. Hata hivyo Kaole haikufutika siku moja: 1857, Richard Burton na John Speke walipoanza safari yao ya kutafuta maziwa makuu, walianzia Kaole, ambako Sultani wa Zanzibar alikuwa na kikosi cha askari. Miaka 14 baadaye, Henry Stanley alipokuja kumtafuta mmisionari David Livingstone, alianzia Bagamoyo. Katikati ya safari hizo mbili ndipo mizani ilipoinama.

Kutembea mikokoni wakati wa maji kupwa kunahitaji viatu vya zamani vinavyofungwa mguuni, si ndala, kwani tope huzivua na magamba ya chaza hukata. Mtembeaji atambue angalau aina mbili tatu: mkoko wenye mizizi iliyotandazwa juu kama mikono, na mchu, ambao mizizi yake midogo huchomoza wima kutoka kwenye tope. Kaa wenye gando moja kubwa huonekana kwa maelfu mtu akisimama kimya dakika chache. Akizungumza, wote hutoweka mashimoni. Kurudi kuanze mara maji yanapogeuka. Kwenye ufuko wa mteremko mdogo bahari huingia kupitia vijito nyuma ya mtu kabla hajaiona mbele yake.

Saa tano hivi ni wakati wa kuingia mjini. Barabara ya kutoka Kaole hupita karibu na TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama chuo cha sanaa 1981. Siku za masomo husikika ngoma hata kutoka barabarani, na tamasha lake la kila mwaka huvuta watu wengi. Wiki ya tamasha ni nzuri kwa anayependa ngoma na mbaya kwa anayependa magofu, kwa kuwa nyumba za wageni hujaa na mji unakuwa na kelele.

Ngome Kongwe, iliyojengwa karibu na 1860 na tajiri wa Kiarabu, ilipita mikononi mwa Sultani, Wajerumani na Waingereza, na kwa muda ikawa gereza na kituo cha polisi. Wageni huonyeshwa mahali panaposemwa kuwa na njia ya chini ya ardhi iliyowapeleka watumwa hadi majahazini. Simulizi hilo lipo pwani karibu kila penye jengo la zamani, na lina mvuto, lakini msomaji wa historia hana haja ya kulishikilia ili aelewe ukatili wa biashara ile. Kwa hilo ni bora kwenda Caravan Serai, upande wa bara wa mji, mahali ambapo misafara ilipumzikia. Mapagazi waliotembea miezi kutoka Tabora na Ujiji, wakiwa na pembe mabegani, walipumzika na kulipwa hapa, na biashara mpya ikapangwa hapa. Sehemu kubwa ya watu waliopita walikuwa mapagazi wa kulipwa, Wanyamwezi wengi, na wengine walikuwa watumwa. Kuchanganya makundi hayo mawili, kama vijitabu vingi vinavyofanya, ni kuwanyima Wanyamwezi sifa ya kazi yao. Njia yote hiyo, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, Tanzania iliiweka 2006 katika orodha yake ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia.

Mtaa wa zamani unapitika kwa miguu ndani ya saa moja. Milango ya mbao iliyochongwa, baraza za nyumba za Wahindi, na Boma la Wajerumani la 1897 ambalo upande wake ulianguka na kukarabatiwa, vyote viko karibu karibu. Ufukweni kuna jengo la forodha la 1895, na mbele yake majahazi yanayosubiri maji. Kwa mkazi wa Dar es Salaam mtaa huu una neno la pekee: hapa palikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, walipohamia Dar. Sababu inaonekana kwa macho siku ya bamvua saa nne asubuhi. Meli za mvuke hazikuweza kusogea kwenye ufuko huu wenye kina kifupi, ilhali bandari ya Dar ilikuwa na kina na imezingirwa. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa 1905 kutoka Dar, mapagazi wa Bagamoyo walianza kupoteza safari zao. Kilichobaki mjini ni matokeo ya kupitwa huko, na ndiyo maana majengo yake hayakubomolewa kupisha maghorofa.

Mtaa huu si makumbusho; watu wanaishi humo. Mavazi ya heshima, kwa wanawake khanga ya kujitanda au gauni refu, na kwa wanaume suruali au bukta inayovuka magoti, humrahisishia mgeni kila kitu, kuanzia salamu hadi ruhusa ya kupiga picha ya mlango. Kupiga picha ya mtu bila kumwuliza ni utovu wa adabu kama ulivyo Keko au Tandika. Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana mji husimama kwa sala, na ziara za nyumba za watu hazifai saa hizo.

Chakula kizuri kipo soko la samaki, jirani na forodha. Samaki hukaangwa palepale, pamoja na pweza, ngisi na mihogo, na pilipili ya ndimu huwekwa pembeni. Mnunuzi achague samaki mbichi kwanza, apatane, ndipo amkabidhi mkaangaji. Aliyekwisha kukaangwa tangu asubuhi aachiwe wengine. Mama lishe wa karibu huuza wali na maharage kwa asiyekula samaki. Kununua samaki wa kurudi nao Chang'ombe kunawezekana kwa mwenye ndoo ya barafu na gari lake tu. Ndani ya basi kwa muda wa saa tatu, huyo samaki atawaudhi abiria wote.

Saa nane mchana, jua likiwa bado kali, ndio wakati wa kwenda Misheni. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, lililokuwa na makao yake Ufaransa, walivuka kutoka Zanzibar na kuanzisha kituo hapa 1868. Walikomboa watumwa na kuwapa mashamba na nyumba katika kijiji cha waliokombolewa, wakapanda miembe ambayo bado inatengeneza njia ndefu yenye kivuli. Aliyewahi kuona picha za vijiji vya Ufaransa, na njia zake za miti iliyopandwa pande mbili kuelekea kanisani, ataona asili ya wazo hilo, ila miti ni ya nchi za joto. Kanisa la kwanza, la 1872, limebakia mnara tu, nao huitwa mnara wa Livingstone. David Livingstone alifia katika Zambia ya leo Mei 1873; watumishi wake Chuma na Susi pamoja na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu hadi pwani, na Februari 1874 ukalazwa hapa kabla ya kuvushwa Zanzibar. Vitabu vingi vya safari humtaja Livingstone kwa urefu na wabebaji wake kwa mstari mmoja. Makumbusho ya Misheni ni bora kuliko vitabu hivyo: yana picha na vitu vya watumwa waliokombolewa, na yastahili saa nzima. Kuna pia mbuyu ambao mnyororo uliofungiwa punda umemezwa na shina lake, na watoto huupenda kuliko makumbusho yote.

Watoto, kwa kweli, ndio kipimo cha ziara hii. Chini ya miaka minane hawawezi Kaole, mji na Misheni kwa siku moja. Mwenye watoto wadogo achague Kaole na Misheni, aache mtaa wa zamani. Wazee wenye shida ya magoti watapata taabu Kaole, kwa sababu njia si za kusakafiwa, na kwao Misheni pekee inatosha kuwa safari. Shule zinazoleta wanafunzi zifanye mpango wiki moja kabla, na walimu wawagawe wanafunzi makundi ya 15 hadi 20 kila moja na mwongozaji wake, kwani kundi la 60 kwenye magofu halisikii kitu na hukanyaga kila kitu.

Mwenye gari lake anaweza kusimama Kunduchi, upande wa Dar wa barabara hiyo hiyo, kuona mabaki ya msikiti wa karne ya 15 na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa kauri. Ni madogo kuliko Kaole, yamebanwa na jiji, na yanafaa kwa aliyekwisha kuona Kaole akitaka kulinganisha. Aende na mwenyeji, si peke yake.

Wapo ambao siku nzima hawana. Kwa hao, Pugu ni karibu zaidi na Chang'ombe: Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, kisha gari la Kisarawe. Vilima vya Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya pwani iliyowahi kuenea eneo kubwa, na msitu wa Pugu umekuwa hifadhi kwa miaka mingi. Kibali na mwongozaji hupatikana kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, Kisarawe. Kuna mashimo ya kale ya kuchimbia udongo mweupe wa kaolini, na jioni popo hutoka humo kwa wingi. Watazamwe kutoka nje: ndani ya mashimo kuna hatari ya kuporomoka, na vumbi la mavi ya popo linaweza kuleta maradhi ya mapafu. Katika Shule ya Pugu, iliyoitwa St. Francis, Julius Nyerere alifundisha hadi 1955 alipojiuzulu kushughulikia chama cha TANU. Kuingia shuleni kunahitaji ruhusa ya ofisi ya mkuu wa shule. Upande wa Kigamboni, ng'ambo ya Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016 pale Kurasini, kuna makaburi ya kale ya Mbwamaji, Gezaulole, ambayo yanaweza kuunganishwa na mchana wa ufukweni.

Kurudi kutoka Bagamoyo kuanze saa kumi jioni, saa kumi na moja ikizidi sana. Jumapili jioni magari ya kutoka Bunju na Tegeta hujazana hadi Mwenge, na anayeondoka Bagamoyo saa kumi na mbili anaweza kufika Chang'ombe saa nne usiku, daladala za Temeke zikiwa zimepungua. Jumamosi foleni ya kurudi ni nyepesi. Mwenye uhuru wa kuchagua siku achague siku ya kazi: barabara ni nyepesi zaidi, magofu hayana watu, na mwongozaji ana muda.